Koti la Evald

Salme alinigongea dirisha saa kumi na mbili kasoro,
kwa kijiko, si kwa mkono.
"Amka. Ng'ombe hawakungoji wewe."
Nje jalidi imetanda juu ya nyasi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira,
na mimi, mtu wa Tallinn, mtu wa lami,
nimekuja na lenzi tatu na koti la mvua.

Alinitazama kutoka viatu hadi kofia,
akacheka kwa pua,
akaingia ndani, akatoka na koti zito la sufu,
kola imeliwa na nondo,
kifungo kimoja cha shaba, vingine vya mti.
Hakusema la nani. Sikuuliza.
Mikono yake ilinimeza vidole,
na mfukoni mlikuwa na kitu kigumu. Nikakiacha.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema:
ng'ombe kumi na mmoja, kila mmoja picha mbili,
ya ubavu na ya uso.
Mnunuzi yuko Valga, ana lori, ana haraka,
Alhamisi anataka kujua analipia nini.

"Huyu Mustik," akasema Salme. "Anapiga teke kushoto.
Hilo usiliandike.
Huyu Täpi. Yule mama yake Täpi.
Huyu mdogo hana jina, alizaliwa wiki ya msiba,
hakuna aliyekuwa na neno la ziada."

Ukungu ulikuwa umeganda bondeni
kama uji uliosahauliwa jikoni.
Ng'ombe walionekana vipande vipande:
pembe hapa, mgongo kule,
pumzi ikipanda mahali pasipo na ng'ombe.
Nikapiga magoti. Magoti yakalowa.
Mwanga wa huku hauchomozi, unavuja,
polepole, nyuma ya misonobari,
kijivu, kisha rangi ya maziwa yaliyolala, kisha

Mustik akainua kichwa.
Hakunitazama mimi. Alilitazama koti.

Akaja. Wala si ule mwendo wa ng'ombe, wa kutafakari,
alikuja mbio, tumbo likiyumba,
na Täpi nyuma yake, na mama yake Täpi,
na farasi mzee ng'ambo ya uzio
akatoa mlio ambao Salme aliniambia baadaye
hajausikia tangu Februari.
Nikabonyeza, nikabonyeza.
Pua. Pua. Nusu ya jicho. Ulimi.
Lenzi ikapata mvuke, ikapata mate,
kichwa kizima kikanisukuma kifuani,
pua ikazama mfukoni
ikaibuka na kile kitu kigumu:
ganda la mkate mweusi,
kavu kama kigae, la miezi saba,
na magego yakaanza kulitwanga, kru, kru,
sauti kubwa kuliko zote asubuhi ile.

Mfiwa huletewa uji, huletewa watu wa kukaa naye.
Ng'ombe aliambiwa na nani?

Nikageuka kumwomba radhi Salme.
Alikuwa ameikumbatia ndoo tupu
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mgeni.
Hakulia. "Aliwadekeza," akasema.
"Kila siku nilimwambia, Evald, mkate ni wa watu."
Kisha: "Vua koti. Hivi hatutamaliza."

Nikavua. Nikatetemeka. Nikapata nilichotumwa,
mbavu kumi na moja, nyuso kumi na moja,
kali, safi, kila unywele mahali pake,
na katika kila picha macho yametazama kando,
kuelekea nguzo ya uzio
nilikolitundika koti.

Jikoni, kwenye kioo kidogo cha kamera,
alizipitisha kwa kidole chenye harufu ya maziwa,
nzuri, nzuri, nzuri, wala hakusimama.
Akasimama kwenye ile iliyoharibika:
ukungu, ulimi, kiwiko cha sufu, kifungo cha shaba.
Chai yangu ikapoa. Yake ikapoa.

"Hii mnunuzi asiione," akasema.
"Na Mustik, andika kwamba anapiga teke.
Andika kwa herufi kubwa."