Radi Inayopanda

Radi tumezoea kuiogopa ikishuka.
Mbeyu, zamu ya usiku, Ngomeni,
kahawa ya tangawizi imeshapoa mkononi,
anaisubiri ile inayopanda.

Saa tisa kasorobo dishi kubwa
linageuza shingo, linainasa setilaiti
ikichomoza magharibi. Dakika kumi tu, kisha itazama.

Tarakimu zinamwagika kwenye kioo:
bahari kimya, jangwa kimya,
halafu, juu ya msitu wa Kongo,
mwiba mmoja.
Sekunde ikatwe vipande elfu: nusu ya kimoja.
Miale ya gama imechupa utosini mwa wingu
kwenda nje, kwenye nyota,
na chini yake mvua ikinyesha tu,
hakuna aliyeinua uso.

Anaandika saa. Anaandika nyuzi.
Moyo umeshamtoka, uko kwa mamake
kwenye mabwawa ya chumvi,
ambaye ngurumo ikianza hukimbilia turubai,
haulizi mwanga umekwenda wapi.

“Mwakamata nini huko?” alimuuliza juzi.
“Kilichokwisha kupita, mama.”
“Basi tu sawa,” akacheka,
akimwonyesha pale ilipokuwa
chumvi ya jana.