Neno la Tisa

Kwetu Maabela, kwenye mlango wa friji,
chini ya sumaku iliyotoka duka la halua,
kaka Hilali alibandika karatasi:

*Usimwamshe Zuwena, dada mchovu mno:
zamu usiku, nesi. Pole.*

Wageni walidhani ni tangazo la nyumba,
wakashusha sauti, wakavua viatu polepole.
Kumbe ilikuwa mbingu nzima.

U ni Utaridi, anayejikaanga kando ya jua.
Z ni Zuhura, D ni hii Dunia ya friji na mitihani.
Emu mbili msizichanganye, alisema Hilali:
*mchovu* ni Mirihi, nyekundu kama macho ya Zuwena alfajiri;
*mno* ni Mshtarii, kwa kuwa ni kubwa mno.
*Zamu* ni Zohali, zamu huzunguka, na Zohali ana pete.
Halafu Uranusi, halafu Neptuni,
na kule mwisho, kizani, kadogo,
Pluto:
pole.

Mtihani ulikuwa wa Kiarabu. Nikaandika Dunia.
Abla Taiba akanikata nusu alama kwa wino mwekundu:
"Dunia ni hii inayotuhangaisha. Sayari ni Ardhi."
Nikarudi nyumbani na kilio changu,
Bi Ghaniya akacheka mpaka ushungi ukamwanguka:
"Sisi ardhi ni ile ya kugombania na mashemeji!"

Yeye elimu yake aliiweka mikononi.
Kunja ngumi mbili, mtoto, zikutanishe.
Januari kifundo, Februari bonde, Machi kifundo,
na kila kifundo kina siku thelathini na moja.
Julai na Agosti vifundo viwili, hakuna bonde kati,
ndiyo maana joto la hapa halina pa kupumzikia.
Nilipenda kuhesabia mikono yake, si yangu,
ila vifundo vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi,
na Februari haikuonekana tena.

Saba mara nane? Usihangaike.
Tano, sita, saba, nane: zimejipanga foleni zenyewe,
hamsini na sita ni saba mara nane.
Akaongeza, akiwa anachambua mchele,
kwamba sita na saba ni watu wa huku,
walikwenda pwani ya kule wakakaa baina ya tano na nane
kama waliozaliwa pale, hakuna aliyewataka pasipoti.
"Sisi tuliporudi," akasema,
kisha akaokota kijiwe kwenye mchele, akanyamaza.

(Nundu ya ngamia ni mafuta, si maji.
Hiyo niliipata mimi. Hilali aliandika maji,
akanuna siku mbili.)

Mwaka elfu mbili na sita wataalamu wakakaa kikao,
wakaitoa Pluto kwenye orodha ya sayari.
Hilali, mtu wa haki, akachukua kalamu
akalikata neno la mwisho mistari miwili.

Asubuhi yake, saa moja, Zuwena akarudi,
viatu mkononi asituamshe sisi.
Akasimama mbele ya friji na harufu ya dawa ya hospitali,
akanywa maji, akasoma.
"Pole yangu mmeipeleka wapi?"

Hilali akaanza kumweleza habari za njia za sayari,
ipi imeifagia njia yake, ipi haijaifagia.
Zuwena akasikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa Mirihi,
akaenda kulala.

Sasa mwanangu ana mtihani Jumapili.
Namfundisha maneno manane, yanayotakiwa,
asije akakatwa nusu alama kama mama yake.
La tisa silimwambii.
La tisa naliandika kwenye simu kila alfajiri,
nalituma Sohar, wodi ya watoto,
na mara nyingi jibu huja saa nane mchana,
akishaamka.