Kwa Mkazi

Kompyuta haikujua jina lako, Twyla.
Ilijua mlango: 418, Mtaa wa Birch, Altoona,
mmoja katika elfu kumi na mbili
uliochotwa kwenye orodha ya posta
kama punje ya wali inavyochotwa chunguni,
ibonyezwe kwa vidole
tujue chungu kizima kimeivaje.

Barua tatu zilinitangulia.
Ya kwanza ilikuwa na noti ya dola mbili, haina hata mkunjo.
Uliibandika kwenye friji kwa sumaku.
Nyingine mbili ziko pale mlangoni bado,
chini ya mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mimi mgeni wa namna nyingine:
theluji imejaa butini, beji inaning'inia,
sina dawa,
nina maswali sitini na manne.

Kwanza, nani kati ya watu wazima wa nyumba hii
siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayofuata?

Ukahesabu kwa vidole.
"Gorman," ukasema. "Tarehe tisa, Machi."
Kisha ukatazama koti lililo msumarini.
Tangu Novemba halijatoka nje.

Mwongozo hauna kifungu cha pole.
Nikasema pole. Nikafuta. Nikauliza tena.

Basi ikawa Juni, ikawa mama yako,
aliyeshona viti vya treni miaka thelathini na moja
na kifua bado kinashona, kinafumua.
Afya yako kwa jumla, bibi:
nzuri sana, nzuri, ya wastani, au mbaya?
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
"Andika ya wastani," akasema.
"Mbaya tumwachie Gorman."

Tulikuwa swali la arobaini
kijana alipoingia kwa mlango wa nyuma, bila kubisha,
akafungua friji, akatoa insulini yake
nyuma ya maziwa, akatoka.

Nani yule?
"Dashiell. Anakaa gereji. Mia nne kumi na nane na nusu."

Nikapekua orodha. Nambari zote nzima.
Hakuna nusu.
Nikaandika pembeni kwa penseli: *gereji, bomba la moshi, mtu mmoja*,
mahali ambapo mashine haisomi,
na wewe ukaliona hilo usoni pangu,
ukaenda kwenye friji,
ukaibandua ile noti.

"Mrudishie aliyeituma," ukasema,
"au amhesabu na huyu."