Ukurasa wa Kumi na Tisa

Vitabu vilikuja vinne. Watoto ni sitini na mmoja.
Nikavigawa kwa safu, kila kimoja na mfunuaji wake
aliyenawa mikono.

Ukurasa wa tatu: mbegu ya ufuta,
imekuzwa pichani hadi kufikia embe dodo.
Twaha akacheka: "Hii, Mwalimu, utaivuna kwa shoka."

Ukurasa wa saba: ua,
jeupe, lenye waridi kooni,
na nyuki kazama, kiuno kimebaki nje.
Wakanyamaza.
Ua hilo wamelipita tangu Machi wakija shule,
wamelichapa fimbo, wamelichomeka masikioni,
hakuna aliyewahi kulichungulia koo.

Nikadhani somo liko hapo.
Nikaandika ubaoni: Petali. Chavua.
Nikapiga mstari.

Kumbe Somoe Nampunju, safu ya nyuma,
ambaye hata jina lake hulisoma kama anayehesabu deni,
ameshafika kumi na tisa peke yake,
kidole kikitambaa chini ya maneno
kama mdudu chungu mwenye mzigo:

*Majani ya chini... yakigeuka manjano... kata.*
*Vifuko vya chini... hupasuka kwanza.*

Akarudia. Mara ya pili hakukwama.
Akaja mbele, akanikabidhi kitabu.
"Mwalimu, ya kwetu yamegeuka tangu juzi.
Bibi rangi hazioni siku hizi. Anasema bado."

Mlangoni pana karatasi, mwandiko wangu:
HAKUNA RUHUSA SAA ZA MASOMO.
Somoe akaipita. Nami nikageukia ubao,
nikafuta neno ambalo halikuwa na kosa.

Alasiri nikapitia kwao, nje kidogo ya Nandagala,
kitabu kwapani, sijui kwa nini.
Miganda ilikwisha simama, imeegemeana kama wafiwa.
Bibi alikuwa akiifunga kwa magome,
akipapasa vifuko kwa dole gumba, kimoja kimoja.

"Ndicho hicho kilichosema?"
"Ndicho."
"Kimelima wapi?"

Nikafunua nyuma kutafuta.
Hapakuwa na shamba. Palikuwa na sanduku la posta.

Akachuma kifuko kilichoanza kufunua mdomo,
akakipindua juu ya ukurasa, akagonga mara mbili.
"Kipe na chenyewe kionje."

Kesho yake Twaha alipofungua, zikamwagika,
nyeupe, ndogo, sakafu nzima.
Sitini wakapiga magoti kuziokota.

Mmoja alikuwa bado shambani.