Sahani ya Hamsini

Muuguzi wa zahanati alinipima tumbo, kisha akanigusa nywele.
Vumbi jeupe likamshukia kiganjani.
"Mwezi wa saba huu, Nyanchama. Acha wengine wasugue mawe."

Basi msasa nimempa wifi yangu Kerubo,
na beseni la maji, na gunia la kukalia.
Mimi nimebaki na kopo la rangi,
brashi ya manyoya ya mbuzi
na kazi ngumu ya kutulia.

Hapa Tabaka jiwe la sabuni halitoi povu,
hutoa karo, hutoa unga, hutoa kikohozi.
Dalali ametaka sahani hamsini,
kila moja twiga watatu na jua nyuma yao.
Twiga sijamwona.
Nimemjua kwa sahani ya mama,
naye alimjua kwa sahani ya shangazi yake,
na kila mkono umemwongezea shingo kidogo.

Nachora. Lakini jicho langu siku hizi halitulii,
linaokota kama kuku.
Liliokota ufa wa ukuta wa jikoni,
ulivyojigawa kuwa vijito, na kijito kikazaa kijito.
Liliokota mgongo wa jani la mgomba juani, mishipa yake yote nje.
Liliokota siafu na punje moja ya wimbi:
sita wanavuta, wawili wamepanda juu
kama wajumbe wa kamati.
Hata mavyaa wangu Bosibori, asiyesema neno akisuka ungo,
nimemwona akipunguza mwendo wa vidole
nikisogeza kigoda karibu.

Na usiku kuna Mogaka, fundi baiskeli,
na obokano lake la nyuzi nane zilizobaki saba.
Ya nane ilikatika Krismasi,
tangu hapo wimbo una pengo
kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.
Mimi hulijaza kwa koo, chini chini.
Usiku mmoja nilichelewa,
na huyu wa ndani akalijaza mwenyewe:
teke moja,
palepale pa uzi usiokuwepo.

Niliwasha taa. Nilichukua sahani ya hamsini,
ambayo ilikuwa inangoja twiga wake,
nikatia nukta.
Wimbo ukazunguka, pengo likarudi, teke.
Nukta.
Mpaka Mogaka alipokwenda kulala nilikuwa na nukta kumi na tisa
zimezunguka ukingo, hazijanyooka hata kidogo.
Kesho yake nikapitisha ufa katikati,
nikawapa siafu njia ya kuvuka,
nikalaza jani la mgomba liwe daraja.

Dalali alikuja Ijumaa, viatu vinang'aa, kalamu sikioni.
Akahesabu hadi arobaini na tisa bila kuinua uso.
"Na hii? Twiga wako wapi?"
"Wamekwenda kunywa maji," nikamwambia.
Kerubo alicheka hadi beseni likapinduka.
Yule bwana hakucheka. Akaandika *kasoro* kwenye daftari,
akakata bei ya moja,
akaniachia sahani yangu juu ya nyasi
kama mtu anayeniadhibu.

Sasa iko bafuni, penye mabati.
Nimeweka juu yake kipande cha sabuni ya bluu,
sabuni juu ya jiwe la sabuni,
na nikioga huwasomea siafu mmoja mmoja
huyu anayeuliza kwa kisigino.

Ila jana Mogaka amepata uzi.
Alitoka nao Ogembo, kaufunga, kaukaza,
na wimbo ukapita mzima, bila pengo, kwa mara ya kwanza.
Nilikaa na brashi mkononi, rangi inakauka.
Ndani, kimya.
Anasikiliza, nadhani.
Au ananuna, amenyang'anywa kazi.
Nami sijui nukta inayofuata
niiweke wapi.