Mimi Nilibeba Betri

Dada yangu Somoe alibuni.
Mimi nilibeba betri,
ya pikipiki, iliyokufa nusu,
ndani ya mfuko wa salfa uliofuliwa mara tatu
na bado ulinuka kiberiti hadi Masasi.

Kifaa chenyewe ukikiona hukitamani:
kopo la maziwa ya unga,
feni ya kompyuta mbovu
tuliyopewa na fundi Nampota kwa kilo moja ya korosho,
taa ndogo inayotazamana na jicho dogo,
na katikati hewa inapita.
Vumbi likizidi, mwanga haufiki,
kengele inalia.
Basi. Hivyo tu.
"Hivyo tu" iliyokula likizo mbili za Somoe
na kumwachia makovu matatu ya risasi ya kulehemu.

Mwezi wa sita, kwetu Kitangari,
baba huwahi umande,
maana salfa hushika jani lililolowa.
Hubeba pampu mgongoni kama mtoto mgonjwa,
shamba likageuka wingu la manjano.
Huingia na koti, hutoka na kikohozi.
Tumekizoea kikohozi hicho,
kama jirani asiyebisha hodi.
Mama husema, "Kamwone daktari."
Naye, "Nitamlipa nini, kama si korosho?"

Ukumbini walikuwapo vijana wa kila wilaya.
Wa Liwale na mkanda wa kupima homa ya mtoto aliyelala.
Wa Kilwa na programu ya simu
inayowakumbusha wajawazito kliniki;
sauti ni ya bibi wa mmoja wao, na anafoka.
Dadi wa Nanyamba alileta ndoo ya kunawia
inayohesabu sekunde.
Ikagoma kwenye tisa,
ukumbi mzima ukamalizia, "Kumi!"

Somoe akapanda.
Alieleza vizuri, hata "mikroni" hakuikosea.
Jaji mwenye tai akasema, "Haya, tusikie."

Kimya.

Ukumbi ulikuwa umedekiwa asubuhi ile.
Akatafuta chaki: siku hizi ubao ni mweupe, na kalamu.
Nikagusa nyaya. Betri nzima.
Mtu akacheka, mwingine akamsaidia.

Ndipo dada akaita,
si kwa sauti ya shindano, kwa sauti ya nyumbani:
"Baba, lete koti."

Alikuwa kiti cha mwisho,
ametoka shamba moja kwa moja kwa pikipiki ya kukopa,
amejitenga na watu kwa ajili ya harufu.
Akaupita ukumbi wote.
Akakohoa mara mbili njiani, mara ya tatu ngazini.
Somoe akalishika koti mabegani,
akalikung'uta mara moja.

Kikalia.
Kikalia mpaka jaji akaziba masikio,
kisha pua.
Watu wakapiga makofi. Baba hakupiga.
Alilitazama koti lake
kama aliyeonyeshwa picha ya kifua chake.

Tulipata nafasi ya tatu: cheti, begi, taa ya sola.
Wa kwanza Dadi na ndoo yake ya tisa.
Tukiwa njiani usiku, baba akauliza
swali ambalo majaji hawakuuliza:
"Sasa kikilia, mwanangu,
mikorosho nimwachie nani?"
Somoe hakujibu. Nilidhani amelala.

Alfajiri akakifunga kwenye mkanda wa pampu,
karibu na bega.
Tukasimama barabarani, upepo ukitupa kisogo.
Pampu ikanguruma, wingu likapanda.
Kikalia.
Baba akazima.
Tukamwona anatoa kitu mfukoni,
kipande cha kanga ya mama.
Akakilowesha kwa umande wa majani,
akajifunga puani na mdomoni,
akanyoosha kidole kuutafuta upepo,
akahamia upande wetu.
Akawasha tena.

Somoe akachomoa kalamu kwenye nywele
na kuandika kiganjani:
mstari wa kwanza, dakika nne.