Shibiri Moja

Mama alipima kwa uzi wa sufu,
ule wa kijani uliobaki aliposuka soksi zako.
Ncha moja aliibana Santiago kwa kidole gumba,
akauvuta juu ya buluu yote ya tufe la shule
hadi Auckland, akaukata kwa meno.
"Shibiri moja," akasema. "Mlinitisha bure."

Mimi nilisoma tiketi:
kilomita elfu tisa na mia sita na ushei,
saa kumi na moja za kuja, upepo ukikusukuma mgongoni,
kumi na mbili na nusu za kurudi, ukikupinga usoni.
Haikuandikwa humo basi la usiku kucha hadi Osorno,
wala barabara yetu ya tope
ambayo dereva wa teksi huitazama tu, akageuza.

Alitutoka Ijumaa, kabla ya jogoo wa kwanza.
Kwako ilikuwa Ijumaa hiyohiyo, usiku umeingia,
ng'ombe wa watu umeshawakamua, buti ziko mlangoni.
Nilisikia maji yakichemka nyuma ya sauti yako.
Hukuuliza lini. Uliuliza, "Huko saa ngapi?"

Ukaruka Jumamosi, saa kumi na mbili jioni.
Ukatua Jumamosi ileile, saa saba mchana.
Umefika kabla hujaondoka, Nibaldo!
Nikakaa jikoni napiga hesabu kama mtoto wa darasa la pili:
ikiwa ndege moja humrudisha mtu nyuma saa tano,
ni ndege ngapi, zikiunganishwa,
zingekufikisha Alhamisi,
Mama akiwa angali anamenya viazi
na kumgombeza paka?

Tulimzika Jumapili, mvua ikinyesha ya kulalia.
Ulibeba upande wa mbele, kushoto.
Jioni tukaanza sala za siku tisa,
nawe ukasinzia kila siku kwenye fungu lilelile,
na hakuna aliyekuamsha.

Siku ya nane asubuhi ukapanda basi.
Ndege yako iliondoka Jumapili karibu na usiku wa manane,
ikatua kwenu Jumanne, alfajiri.
Jumatatu hukuiona. Haikukugusa popote.
Ndiyo ilikuwa siku ya tisa.
Doña Eduvina alinong'ona, "Mwana yuko wapi leo?"
Ningemjibu nini?
Leo kwake haipo.
Nikamwambia yuko safarini, nikamwongezea chai.

Saa yako bado iko ukutani kando ya yetu,
na kipande cha plasta alichoandika N.
Betri ilikuwa imechoka. Nimeweka mpya.

Uzi niliukuta kwenye kopo la vifungo.
Nikaupima toka kitandani pake kuelekea mlangoni.
Haukufika hata kwenye viatu vyake.